Mikono inakakamaa kwenye mteremko wa changarawe: niende Chianti au nibaki kwenye lami?

"Nina miaka 54, uzito kilo 82, na huu ni mwaka wa sita ninaendesha baiskeli ya lami. Mwishoni mwa Septemba mimi na mke wangu tutakaa Gaiole in Chianti, Italia, kwa siku nne, tuzunguke kwenye zile barabara nyeupe zinazokatiza mashamba ya mizabibu. Shida yangu ni mteremko. Mwaka jana niliteleza kwenye kona ya changarawe nikachubuka nyonga, na tangu siku hiyo nikiona kokoto mikono inakakamaa yenyewe. Rafiki ameniambia nijaze tairi hadi 90 psi ili nisipate pancha na niende kasi. Tairi zangu ni za milimita 28, gia nyepesi kuliko zote ni meno 34 mbele na 28 nyuma. Halafu vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia hufa ganzi baada ya saa mbili. Ninunue baiskeli nyingine, nikodi, au tupite lami tu? Na barabara zile si za washindani?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo mengi, lakini naona yote yanarudi kwenye ile kona ya mwaka jana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sitakuambia ujikaze, kwa sababu kujikaza ndiko hasa kunakoangusha watu kwenye changarawe. Nitakueleza kilichotokea chini ya tairi lako siku ile, kisha uamue mwenyewe.

Nianze na hilo la washindani, maana ni jepesi. Barabara nyeupe ni barabara za shamba. Mwenye mizabibu hupita na trekta, tarishi hupita na gari dogo, mtoto huenda shule. Weupe wake unatokana na mawe ya chokaa ya vilima vile. Sifa ya mashindano ilikuja baadaye, na ilianzia hapo hapo Gaiole mnamo 1997, pale watu 92 walipopanda baiskeli za kizamani kwenye safari iliyoitwa L'Eroica. Sababu mojawapo ilikuwa kuzitetea barabara hizo zisimezwe na lami. Mashindano ya wanaolipwa, yanayoitwa Strade Bianche na kumalizikia Piazza del Campo mjini Siena, yalianza 2007, na siku hizi hufanyika Machi. Unachokiona kwenye televisheni, lile wingu la vumbi na watu wanaoteremka kama mawe yaliyoviringishwa, ni siku moja ya mwaka. Siku nyingine utakutana na mzee na mbwa wake. Ila angalia tarehe: L'Eroica hufanyika Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kwa hiyo mwishoni mwa Septemba Gaiole huanza kujaa wenye baiskeli za kabla ya 1987 wanaokuja kujinoa. Kama hamjashika chumba, shikeni sasa.

Sasa upepo wa tairi, hizo psi. Rafiki yako anakupenda, lakini ushauri wake ni wa lami laini, tena wa zamani. Tairi gumu kwenye lami laini halipotezi nguvu nyingi. Kwenye changarawe mambo hugeuka. Kila jiwe linalokutana na tairi gumu linalazimisha baiskeli nzima, pamoja na kilo zako 82, kuinuka kidogo na kushuka tena. Nguvu hiyo haikusogezi mbele hata hatua moja. Inaishia kwenye misuli yako, mgongo wako na viganja vyako kama mtikisiko. Tairi laini humeza jiwe: mpira unabonyea pale jiwe lilipo, mwili wako unabaki pale pale. Na kuna jambo kubwa zaidi kwa mtu mwenye woga wa kona. Tairi linaloruka-ruka haligusi ardhi muda wote, na tairi lililoko hewani haligeuzi wala halizuii. Nina hakika sehemu kubwa ya kuteleza kwako ilianzia kwenye pampu, asubuhi, kabla hujatoka nyumbani.

Kuhusu pancha, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Upepo ukiwa mdogo mno kwenye tairi jembamba, jiwe huligandamiza tairi mpaka tyubu inabanwa kwenye ukingo wa rimu, na unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba. Dawa yake ni tairi pana. Kwa uzito wako, kwenye tairi la milimita 40 lenye tyubu, anza na 40 psi nyuma na 37 mbele. Kama ni tairi lisilo na tyubu, lenye dawa ya kuziba ndani, unaweza kushuka psi nne au tano zaidi, kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa. Endesha dakika kumi. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza mbili. Ukihisi mikono inatikisika kama umeshika mashine ya kuchimba, punguza mbili. Usipime kwa kubonyeza kwa dole gumba. Dole gumba haliwezi kutofautisha 38 na 50. Beba kipimo.

Tairi zako za milimita 28 zitapita, sikatai. Watu wamepita na nyembamba zaidi. Lakini utalazimika kujaza karibu 70 psi kuilinda rimu, na tunarudi kule kule kwenye kurukaruka.

Gia nayo inataka hesabu kidogo. Vilima vya Chianti si virefu. Gaiole iko mita 360 hivi juu ya usawa wa bahari, kijiji jirani cha Radda kama 530. Ukali wake ndio shida, maana vipande vya asilimia 12 ni vya kawaida na kuna vinavyozidi. Sababu ni historia. Kwa karne nyingi Firenze na Siena ziligombania vilima hivi, na vijiji vikajengwa juu ya migongo ya vilima, na kuta, ili adui aonekane mapema. Barabara inashuka hadi kijito, inavuka daraja dogo, kisha inapanda moja kwa moja hadi lango la kijiji kinachofuata. Aliyeijenga hakumfikiria mtu wa miaka 54 mwenye meno 28 nyuma.

Chukua wewe, baiskeli na chupa mbili za maji, jumla kilo 95. Kwenye asilimia 12 ya changarawe, ukiwa na 34 kwa 28 na ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, unahitaji zaidi ya wati 320. Hizo ni nguvu za mtu anayelipwa kuendesha. Ukipunguza mzunguko hadi 40 utazihitaji chache, lakini kila pedali itakuwa nzito kiasi cha kukuinua kwenye tandiko, na ukisimama kwenye changarawe uzito unaondoka gurudumu la nyuma, linazunguka bure, unasimama katikati ya kilima. Gia ya 32 mbele na 40 nyuma, kwa mzunguko ule ule wa 60, inataka kama wati 220. Ukizungusha 50, zinashuka hadi 185 hivi. Unakaa umetulia, tumbo karibu na usukani, unapanda polepole kuliko anayetembea haraka, na unafika. Sioni aibu ndani yake.

Tuje kwenye mteremko, ndiko kuliko na maumivu.

Ukiinama uitazame barabara nyeupe kwa karibu, utaona si kitu kimoja. Chini kuna sakafu ngumu iliyoshindiliwa kwa miaka na magari. Juu yake kuna kokoto huru, nyingine ndogo kama punje za mahindi. Kokoto huru juu ya sakafu ngumu hufanya kazi ya magololi. Lakini hazikutawanyika sawasawa. Magari yamezisukuma pembeni, kwa hiyo kuna mistari miwili iliyo safi, yenye rangi iliyokoza kidogo, mahali magurudumu yanapopita, na katikati kuna tuta la kokoto, na nje ya kona kuna lundo kubwa zaidi. Mistari ile miwili ndiyo barabara yako. Mingine ni mapambo. Ukihitaji kuhama mstari, hama ukiwa umenyooka, taratibu, bila kushika breki wakati unavuka tuta.

Sasa fikiria kwamba tairi lina akiba moja ya mshiko. Akiba hiyo unaitumia kusimamisha au unaitumia kugeuza. Kwenye lami kavu akiba ni kubwa, unaweza kufanya yote mawili kwa pamoja bila kujua. Kwenye kokoto akiba ni ndogo. Anayeingia kona kwa kasi, akashtuka, akabana breki ya mbele huku amelala upande, anadai mara mbili kwenye akiba ya mara moja. Gurudumu la mbele linaondoka. Ni nusu sekunde, na nyonga ndiyo inayotangulia chini. Naamini ndivyo ilivyokuwa kwako.

Kwa hiyo maliza kazi ya breki kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Breki zote mbili, kwa kidole kimoja au viwili, mapema na kwa kubana polepole, kisha achia unapoanza kugeuka. Ukifika kona na kasi ndogo kuliko unayoihitaji, hujapoteza kitu. Nusu ya kasi inahitaji robo tu ya umbali wa kusimama. Hesabu hiyo ipo upande wako. Usiache breki ya mbele kwa woga na kutegemea ya nyuma peke yake, kosa ninaloliona kila msimu. Unaposhuka uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, likibanwa linajifunga na kuanza kupepesuka kama mkia. Mbele ndiko kwenye nguvu ya kusimamisha. Inataka mkono mpole tu.

Na mwili. Inua makalio sentimita mbili tatu kutoka kwenye tandiko, pedali zikiwa sambamba na ardhi, magoti na viwiko vimekunjwa. Sogea nyuma kidogo. Shika sehemu ya chini ya usukani, kule kulikopinda, ambako kidole kinafika breki kwa urahisi na mkono hauwezi kuchomoka ukigonga shimo. Kisha fanya jambo linaloonekana la kipumbavu: chezesha vidole vyako kama unapiga kinanda. Mkono uliokakamaa unapeleka kila mtikisiko wa gurudumu hadi begani, na bega linaurudisha kwenye usukani kama agizo la kugeuka. Baiskeli inataka kucheza kidogo chini yako. Iache icheze. Gurudumu la mbele likiyumba kidogo kwenye kokoto, lenyewe hujinyoosha, ukiliruhusu. Macho yasikae kwenye jiwe lililo mbele ya tairi. Yaende mwisho wa kona, kwa sababu unakotazama ndiko mikono inakoelekea. Wasemao mwenda pole hajikwai hawakuwa kwenye kokoto: chini ya mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, baiskeli inapoteza utulivu wake. Kama huoni unavyoweza kushuka kwa mwendo huo, shuka utembee. Wengi hutembea. Hata mimi, kwenye kipande kimoja chini ya kijiji cha Volpaia baada ya mvua, nilitembea na viatu vikajaa matope.

Kabla hujasafiri, tafuta mteremko mfupi wa changarawe, mita 50 tu, ulionyooka na wenye uwazi chini. Shuka mara kumi kwa breki ya nyuma pekee mpaka gurudumu lijifunge, ulisikie linavyoburuta, uliachie. Halafu mara kumi kwa zote mbili. Woga wako ni kumbukumbu ya mwili, na mwili hauelewi hoja zangu hizi, unaelewa kurudia.

Mvua ni suala la mahali. Upande wa Chianti, udongo una mawe mengi, ile galestro na alberese ambayo wakulima wa zabibu za Sangiovese huisifu, na maji hupita. Changarawe yenye unyevu kidogo hushika vizuri kuliko iliyokauka na kuwa vumbi. Kusini-mashariki ya Siena, kwenye Crete Senesi, ni udongo wa mfinyanzi. Ukilowa unanata kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na fremu, na gurudumu linaacha kuzunguka. Kule pia ndiko kuna kipande cha barabara nyeupe kiitwacho Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za kupanda na kushuka bila huruma. Iachie safari nyingine.

Ganzi ya vidole viwili vya mwisho siichukulii kijuujuu. Neva inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya cha pete hupita kwenye kisigino cha kiganja, upande wa nje, ikiwa na nyama kidogo juu yake. Ukiuegemea usukani muda mrefu unaikandamiza, na mtikisiko wa changarawe kwa 90 psi unaipiga nyundo. Kupunguza upepo, kubadilisha mshiko kila dakika chache na kuinua usukani kidogo husaidia wengi. Lakini ikiwa ganzi haiondoki ndani ya siku moja mbili baada ya kushuka, au umeanza kushindwa kubana karatasi kati ya vidole, au kifungo cha shati kinakusumbua, muone daktari kabla ya safari. Neva iliyokandamizwa muda mrefu hupona polepole, na kuna ambayo haiponi yote. Vivyo hivyo, kama ile nyonga bado inauma ukipanda ngazi, ikaguliwe kwa mikono. Mimi kutoka hapa siwezi kuigusa. Na mtu wa miaka 54 anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu anapopanda kilima hahitaji ushauri wa gia.

Kuhusu kununua: usinunue. Kodi. Siku nne hazitoshi kukuambia unataka nini, na baiskeli ya changarawe nzuri ni pesa nyingi kuliko safari yenyewe. Unapokodi, andika mapema na uulize mambo matatu: upana wa tairi (40 au zaidi), meno ya gia nyepesi kuliko zote, na breki za diski. Beba pedali na tandiko lako mwenyewe. Pale dukani, kabla hujatoka, bonyeza breki ujue mkono upi ni wa mbele, kwa sababu hubadilika kutoka baiskeli moja hadi nyingine, na kona ya kwanza si mahali pa kuligundua hilo. Shemeji kama hana miguu ya vilima, akodi yenye mota. Naona ndoa zikipona kwa njia hiyo.

Lami tupu? Inawezekana, na mizabibu utaiona. Lakini barabara za lami zina magari yaendayo kasi kwenye kona zisizoonekana, kwa hiyo sisemi kwamba ni salama kuliko changarawe. Ningechanganya. Siku ya kwanza nendeni Brolio, kama kilomita kumi kutoka Gaiole, mpande ile njia nyeupe yenye miti ya saipresi pande zote hadi kwenye ngome ya akina Ricasoli, mrudi kwa njia mnayoijua. Siku ya pili pumzikeni au tembeeni Siena. Ya tatu, Radda na Volpaia. Ya nne iacheni wazi, kwa ajili ya mvua au miguu. Kama woga bado upo baada ya siku ya kwanza, lipia nusu siku na mwongozaji anayefundisha kushuka. Atakaa nyuma yako na kuona bega lipi linapanda, maandishi hayawezi.

Septemba ni msimu wa kuvuna zabibu, matrekta yenye matela yatatokea kwenye kona nyembamba, kwa hiyo kaeni kulia hata kama mstari safi uko kushoto. Msimu wa kuwinda nao hufunguliwa Jumapili ya tatu ya Septemba; mkisikia bunduki msituni, ongeeni kwa sauti na vaeni rangi kali. Jumanne na Ijumaa ni siku zisizo na uwindaji kwa sheria, na kwa sababu hiyo ningeiweka Volpaia, ambako njia inapita msituni, kwenye moja ya siku hizo. Mvinyo ni wa jioni: kikomo cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu mwenye baiskeli kama mwenye gari, na glasi mbili za mchana huchelewesha kidole cha breki kwa kiasi kile kile kinachohitajika ili kukurudisha chini. Likitokea la kutokea, namba ni 112.

Niandikie tena ukishashuka ule mteremko wako wa mita 50 mara ishirini, uniambie vidole vilichezaje.